Soma Kabla ya Kufuta

Mtu akiugua, watu wa nyumbani kwake humuuliza maumivu yako wapi kabla ya kuuliza sanda inauzwa bei gani. Mashine ikiugua, watu wa zama zetu huanza na sanda. Kompyuta ikikataa kuwaka asubuhi, au ikiwaka na kusimama njiani, neno la kwanza litokalo midomoni ni "ifutwe," na la pili ni "inunuliwe nyingine." Baina ya maneno hayo mawili hapana swali hata moja. Mimi ni mwalimu, na kwa mwalimu jibu lililotangulia swali ni kosa hata likiwa sahihi. Kwa hiyo nakusudia katika kurasa hizi kushindana na desturi hii, ambayo imeenea katika nyumba zetu, katika maduka yetu na, kwa aibu iliyo kubwa zaidi, katika shule zetu. Nasema kuwa kuifuta mashine kabla ya kuijua kasoro yake si ufundi, bali ni uvivu uliovaa koti la ufundi. Nasema pia kuwa kijana aliyefundishwa kuitumia kompyuta bila ya kufundishwa kuitafutia hitilafu, amefundishwa nusu ya somo tu.

Sisemi haya kwa kusikia. Nakaa Kitengela, na shule niliyoifundisha wakati ule ilikuwa upande wa Kajiado, mwendo wa barabara ya Namanga kupita Isinya. Katika maabara yetu palikuwa na kompyuta ishirini kuukuu na seva moja, sanduku jeusi lililowekwa chini ya meza ya mwalimu. Seva ni kompyuta inayozitumikia kompyuta nyingine: kazi za wanafunzi wote zilihifadhiwa ndani yake, na kila mmoja alizifikia kutoka kiti alichokalia. Mfumo wake endeshi, yaani programu mama inayozisimamia programu nyingine zote, ulikuwa Linux wa toleo la zamani. Ulikuwa umefanya kazi miaka mingi bila ya kulalamika. Humo ndimo watahiniwa wa kidato cha nne walimoweka kazi zao za mradi wa somo la kompyuta.

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulikatika karibu nchi nzima ya Kenya. Betri kubwa ya akiba iliyozoea kuishikilia seva yetu katika giza fupi ililemewa na giza refu, na seva ikazimika. Jumatatu tulipofungua shule tuliiwasha. Feni zilivuma, maandishi meupe yakapita mbio juu ya skrini nyeusi, kisha yakasimama. Mistari michache ya Kiingereza ilibaki imeganda pale. Hatukuisoma. Mimi mwenyewe, mwalimu, sikuisoma. Niliona weusi wa skrini nikauona weusi wa siku yangu, nikampigia simu fundi.

Fundi alikuja siku ya pili. Aliitazama skrini kwa muda wa mtu anayetazama saa ukutani, akasema mfumo umeharibika. Akaniuliza kama tuna nakala ya akiba ya kazi zilizomo. Nilimjibu kuwa nadhani ipo. Basi akaitia santuri ile ile ya zamani iliyokuwa kabatini, akaifomati diski, akaweka mfumo upya, akalipwa, akaenda zake. Mashine iliwaka, nasi tulipiga makofi. Makofi yalikuwa hayajatulia msichana mmoja wa kidato cha nne aliponyosha mkono na kuuliza kazi zao ziko wapi.

Zilikuwa hazipo. Nakala ya akiba niliyodhani ipo ilikuwa ya mwaka wa nyuma. Msichana yule alikuwa ametunga programu ya kuweka kumbukumbu za ng'ombe wa boma la baba yake: ng'ombe huyu mama yake ni yupi, alichanjwa lini, alizaa lini, na maziwa yake ni kiasi gani. Aliifanya kazi hiyo kwa miezi sita. Iliondoka kwa dakika arobaini.

Alhamisi ya juma lile lile umeme ulikatika tena, na seva ilipoamka ilisimama pale pale iliposimama mara ya kwanza, kwa mistari ile ile. Safari hii msichana hakungoja fundi. Alifika mbele ya skrini na daftari lake, akainakili mistari neno kwa neno kama anavyonakili kutoka ubaoni. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, mashine hii inadhani leo ni mwaka gani?"

Niliinama nikasoma. Mashine ilikuwa imeandika, kwa maneno yaliyo wazi kabisa, ya kwamba diski yake ilifunguliwa mara ya mwisho katika wakati ujao. Kwa hesabu yake siku ile ilikuwa tarehe 1 Januari 2009. Diski ilikuwa na alama ya Agosti 2023. Haiwezekani mtu akafungua mlango miaka kumi na minne kabla ya kuufikia. Kwa hiyo mfumo ulisimama na kuomba mtu aje aamue. Hivyo ndivyo afanyavyo karani mwaminifu anapoletewa hati yenye tarehe isiyowezekana.

Asili ya mambo yote hayo ilikuwa kitu kidogo mno. Juu ya ubao mkuu wa kompyuta ya meza huwapo betri ndogo ya mviringo, mfano wa sarafu, yenye nguvu ya volti 3. Iliyo mashuhuri kuliko zote huitwa CR2032: upana wake ni milimita 20 na unene wake milimita 3.2. Kazi yake ni kuiendesha saa ya mashine wakati umeme haupo. Betri hiyo ikichoka hakuna anayejua, maadamu umeme upo. Umeme ukikatika saa hupotea, na mashine ikiamka huanza kuhesabu tangu siku iliyopewa kiwandani. Tulinunua betri mpya Kitengela kwa bei isiyozidi ya chakula cha mchana, tukaitia mahali pake, tukaisahihisha saa, na ugonjwa ukaisha. Diski haikuwa na kasoro. Mfumo haukuwa na kasoro. Kazi za watahiniwa zilikuwa salama ndani yake hadi saa ile tulipoziua kwa mikono yetu na kuilipa mikono hiyo. Tulipotaka kuzifufua, mfumo mpya ulikuwa umekwisha kuandikwa juu yake.

Msichana alianza upya. Alipeleka programu iliyo ndogo kuliko ile aliyoitunga kwanza, kwa sababu siku hazikumtosha. Niliisahihisha nikijua kuwa alama alizopungukiwa hazikuwa deni lake. Zilikuwa deni langu.

Sasa wako watu wanaoitetea desturi hii, na si wajinga. Nitazitaja hoja zao nne kwa uadilifu, maana hoja iliyofichwa haikushindwa.

Hoja ya kwanza ni ya wakati. Husema kuwa kutafuta kasoro ni kazi ya siku nzima, na kufuta ni kazi ya saa moja. Na fundi ana wateja wanaomngoja. Nakiri kuwa fundi hulipwa kwa mashine iliyowaka, halipwi kwa sababu iliyojulikana, na kosa hilo ni letu sisi tunaomlipa. Lakini hesabu yenyewe ni ya uongo. Saa moja ya kufuta ilitugharimu miezi sita ya mwanafunzi mmoja, na wenzake walikuwa wengi. Tena ugonjwa ulirudi siku ya tatu, kwani mfumo mpya hauifanyi changa betri kongwe. Kuisoma mistari ile kulichukua dakika moja.

Wazee wa Kajiado wangetucheka. Ng'ombe akianza kukohoa na kutokwa na machozi, mfugaji hamchinji papo hapo akanunua mwingine. Humsimamisha, humpapasa tezi zilizo chini ya sikio aone kama zimevimba, humtafuta kupe masikioni, huuliza alilisha wapi na alichanganyika na kundi la nani. Akikuta tezi zimevimba na mwili una joto, huhofia ndigana kali, ugonjwa uletwao na kupe wa kahawia, na hutafuta dawa yake. Mtoto wa miaka kumi na miwili katika maboma hayo huyajua mambo hayo. Mtoto huyo huyo akiketi mbele ya kompyuta tunamwambia asiguse kitu, amngoje mwenye koti. Je, tumemwongezea elimu au tumempunguzia?

Hoja ya pili husema kuwa mashine kongwe hazistahili taabu, na kipya kinyemi. Hoja hii imepata nguvu tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft iliacha kutoa matengenezo ya kawaida ya mfumo wake wa Windows 10. Mfumo unaofuata hauzikubali kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hivi. Kwa hiyo mashine zilizokuwa nzima jioni zimeitwa mizoga asubuhi. Lakini usitupe mbachao kwa msala upitao. Mashine isiyokubaliwa na mfumo mmoja hupokewa na mwingine: kompyuta ya miaka kumi, ikiwekewa Linux na kuongezewa kumbukumbu, huandika barua, huchora grafu, hutunga programu na kufungua intaneti kwa miaka mingine mingi. Na anayetupa atupe akijua anatupa nini. Mwaka 2022 dunia ilizalisha taka za vifaa vya umeme zipatazo tani milioni 62, na chini ya robo yake ndizo zilizojulikana kuwa zimekusanywa na kutengenezwa upya kwa njia iliyo salama. Katika mashine za zamani mna risasi kwenye viungo vya ubao, na katika baadhi ya skrini mna zebaki. Vitu hivyo havitoweki tunapovitupa korongoni. Mvua ikinyesha huteremka na maji, na maji hayo hunywewa na mifugo, na mifugo hiyo tunaila sisi.

Hoja ya tatu husema kuwa Linux ni jambo gumu, la kigeni, la wataalamu wa mbali. Tuitazame historia. Tarehe 25 Agosti 1991 kijana wa miaka 21, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, aliwatangazia wenzake kuwa anatengeneza mfumo endeshi kwa kujifurahisha, wala hautakuwa jambo kubwa. Aliutoa wazi, kila mtu ausome, aurekebishe na kuwagawia wengine. Leo kiini cha mfumo huo ndicho kinachoziendesha simu zote za Android, na yamkini moja iko mfukoni mwa baba yako. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zinazoorodheshwa kuwa zenye nguvu kuliko nyingine duniani zinaendeshwa na Linux. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alizindua toleo la Linux aliloliita Ubuntu, neno la Kizulu na Kixhosa ambalo ni ndugu wa damu wa neno letu "utu." Mwaka huo huo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili, zilizoitwa Jambo OpenOffice. Kitu kilichoanzishwa na mwanafunzi, kikapewa jina la Kiafrika kusini mwetu na ulimi wa Kiswahili jirani mwetu, ni kigeni kwa nani?

Ama kuhusu ugumu, nasema kinyume chake. Mfumo unaoficha hitilafu zake ndio mgumu. Linux haifichi. Kila kinachotokea huandikwa katika kumbukumbu zake, na mwenye macho anaweza kuzifungua. Ukiandika amri dmesg, mashine itakusimulia ilivyoamka, kifaa gani ilikiona na kipi kilikataa kuitika. Ukiandika df utaambiwa kila sehemu ya diski imejaa kiasi gani. Na seva nyingi zinazosemekana kufa hazikufa, zimevimbiwa tu, kwa kuwa diski imejaa hadi pomoni na mfumo haupati pa kuandika. Amri smartctl huiuliza diski yenyewe habari za afya yake. Mwalimu gani mwingine hujibu kila aulizwapo, mchana na usiku, bila ya kuchoka?

Hoja ya nne ndiyo inayonichoma zaidi, kwa sababu husemwa na walimu wenzangu: wanafunzi wakiruhusiwa kufungua mashine wataziharibu. Kwa sababu hiyo maabara nyingi hufungwa kwa kufuli mbili, kompyuta hufunikwa kwa vitambaa vya maua, na zikifa hufia chini ya vitambaa hivyo bila ya kujulikana. Chuo cha ualimu nilichosomea kilitufundisha kupiga chapa na kupamba majedwali. Hapakuwa na siku hata moja tuliyoondoa mfuniko wa kompyuta. Tulitoka na cheti, na hofu. Hofu hiyo tunawarithisha watoto na kuiita nidhamu.

Wakubwa wa elimu hii hawakuogopa kufungua. Tarehe 9 Septemba 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, kompyuta kubwa iitwayo Mark II ilikuwa ikifanya makosa. Mafundi wake hawakuifuta wala hawakuilaani. Waliikagua sehemu kwa sehemu, hata wakamkuta mdudu, nondo, amenaswa katika swichi mojawapo. Walimtoa, wakambandika kwa utepe katika daftari la kazi, wakaandika saa na mahali alipopatikana. Daftari hilo limehifadhiwa mpaka leo. Mashine yenyewe haikudumu. Daftari limedumu, kwa kuwa wenye kulijaza walikuwa na tabia ya kutazama na kuandika walichokitazama.

Basi kutafuta hitilafu ni elimu yenye utaratibu, na utaratibu wake waweza kufundishwa katika kidato chochote. Nitauandika kwa ufupi.

Kwanza, andika. Andika mashine inafanya nini, ilianza lini, na ni kitu gani kilichobadilika siku hiyo: umeme ulikatika? Programu mpya iliwekwa? Mtu aliisogeza meza? Nakili maneno ya skrini herufi kwa herufi, wala usiyafupishe, kwa maana neno unaloliona halina kazi ndilo aghalabu lenye siri.

Pili, anza na yaliyo mepesi. Waya umeingia sawasawa? Soketi ina umeme? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na wengi walioagiza mashine mpya wangaliinama wangalikuta waya umechomoka. Kisha fungua mfuniko utazame vumbi. Sisi wa uwanda wa Athi-Kaputiei, baina ya malori ya barabara ya Namanga na viwanda vya saruji vya Athi River, tunaishi na vumbi kama wavuvi wanavyoishi na chumvi. Vumbi huziba feni, joto hupanda, na kompyuta hupunguza mwendo wake au hujizima yenyewe ili isiungue. Mtu huiita nzito na kongwe, kumbe inaomba brashi. Ikilia milio mifupi bila ya kuonyesha picha, yawezekana vibao vya kumbukumbu havikukaa vizuri: vitoe, vifute miguu yake taratibu, uvirudishe. Lakini sharti uchomoe waya wa umeme kwanza, uguse chuma cha sanduku ili mwili wako uachane na umeme wake tuli, na usilifungue kamwe lile sanduku dogo la kugawia umeme, kwani huweka ndani yake umeme wa kudhuru hata baada ya kuchomolewa.

Tatu, tenganisha mwili na mfumo. Iamshe mashine kwa Linux iliyowekwa katika flashi, bila ya kuigusa diski. Ikifanya kazi vizuri kwa flashi, basi yaelekea mwili ni mzima na kasoro iko katika diski au mfumo wake. Ikisumbua vile vile, kasoro iko katika mwili, na kuufuta mfumo ni kumtandika punda kwa kosa la ngamia. Hoja hiyo moja ingaliokoa kazi za wanafunzi wangu, maana kwa flashi hiyo hiyo tungaliifungua diski na kuzinakili.

Nne, pima hatua kwa hatua, na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mathalan intaneti ikikatika, kwa amri ping jiite wewe mwenyewe kwanza; kisha ita ruta iliyo ukutani; kisha ita mashine ya mbali kwa namba yake; mwisho iite kwa jina. Pale mwitiko ukatikapo ndipo kasoro ilipo. Ukiitikiwa kwa namba na usiitikiwe kwa jina, intaneti ipo, na aliyelala ni yule mwenye kazi ya kutafsiri majina kuwa namba. Mwenye kubadilisha vitu vitano kwa mara moja, hata akipona, hajui amepona kwa dawa ipi.

Tano, na hili ningeliandika la kwanza kama nisingalichelea kuwatisha: uwe na nakala ya akiba, na uijaribu. Nakala usiyopata kuifungua ni tumaini tu, na tumaini halirudishi kazi ya mtu. Weka nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja ikae nje ya jengo, ili moto au mwizi asiondoke na zote.

Sikatai kuwa iko siku ya kufuta. Diski inayogonga kama mlango, au inayoungama yenyewe kuwa sehemu zake zinakufa, haifai kufanyiwa matengenezo ya papo kwa papo. Sharti ichotwe kilichomo upesi, kisha ipumzishwe. Mashine iliyoingiliwa na programu za wezi, usiyoweza kuiamini tena, ifutwe ianze upya. Lakini huko ni kufuta baada ya kujua, na baada ya kunakili. Tabibu hukata mguu pia. Tofauti yake na mchinjaji ni kwamba ameuchunguza.

Nataka nini, basi? Sitaki fedha nyingi. Nataka kila maabara ya shule iwe na meza moja yenye kompyuta kuukuu iliyofunguliwa, ambayo mwanafunzi ana ruhusa ya kuikosea. Nataka daftari la hitilafu likae juu ya meza hiyo, na kila kasoro iandikwe: ilionekanaje, ilitafutwaje, ilipatikana wapi. Nataka vyuo vya ualimu vimpe mwalimu bisibisi siku ile ile vinapompa kibodi. Na nataka sisi tunaowalipa mafundi tuwaulize swali moja kabla ya kutoa fedha: "Kasoro ilikuwa nini?" Fundi mwema atafurahi kuulizwa, kwa maana ndilo swali linalomtenganisha na mwenye kubahatisha.

Nanyi vijana wasomaji, msidhani haya ni maneno ya kompyuta tu. Mtazame mzee anayesema kuwa motokaa imerogwa, na kiongozi ambaye kila jambo likiharibika huvunja kamati na kuunda nyingine, na mwanafunzi anayechana karatasi ya hesabu badala ya kuutafuta mstari alipokosea. Wote wamefomati. Wote wataikuta kasoro ile ile ikiwangoja siku ya tatu, kwa sababu hawakuiuliza jina lake. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa; na kilichoundwa na mtu, mtu aweza kukifahamu, maadamu ana subira ya kutazama na unyenyekevu wa kusoma.

Daftari la hitilafu la shule ile liko, na ukurasa wake wa kwanza una mwandiko wa msichana yule. Ameandika tarehe, ameandika mistari ile ya skrini bila ya kuacha hata nukta, na chini yake ameandika neno moja: betri. Ukurasa huo umenigharimu zaidi ya kitabu chochote nilichonunua. Kompyuta yako ikisimama kesho, usianze kwa kumwita mtu wala kwa kuhesabu fedha. Chukua kalamu, uinakili mistari iliyo mbele yako, kisha uisome.